Dawa ya Alhamisi

Inspekta Jael Navalayo aliisoma kauli ya Maximilla kwa mara ya nne, na kwa mara ya nne ikamkera. Ilikuwa fupi kupita kiasi. Mistari michache ya mwandiko wa kupendeza, nukta na mkato kila kimoja mahali pake, na chini kabisa alama ya kidole gumba.

"Mimi ndiye niliyeweka dawa kisimani. Niliiweka siku ya Alhamisi, ndani ya chungu. Hakuna aliyenituma. Niliiweka kwa mkono wangu."

Basi, imeisha. Hakuna chuki, hakuna ugomvi wa mpaka wa shamba, hakuna hata jina la hiyo dawa. Katika miaka kumi na mmoja ya kazi Jael alikuwa amesikia watu wengi wakikiri, na wote bila kubakisha mmoja walikuwa na la kujitetea. Huyu alikiri kama mtu anayeeleza namna ya kupika mboga.

"Faili, Jael." Mkuu wa kituo alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amelisema hilo saa mbili asubuhi, akalisema tena saa tatu. "Kesho ni Ijumaa. Huyo mama lazima asimame mbele ya hakimu, maana siku kumi na nne tulizopewa na korti za kumshikilia zinaisha Jumamosi, na Jumamosi hakuna korti. Nataka faili mezani kwangu saa kumi."

"Nimepewa jana tu, afande."

"Limeshaiva. Kuna mashahidi, kuna kielelezo, kuna mtu aliyekiri. Unatafuta nini tena?"

"Natafuta sababu ya watoto saba walio wodini sasa hivi."

"Sumu imebaki chini kisimani. Itakwisha."

"Siku kumi na mbili, afande? Mama yuko ndani, chungu kiko stoo, na watoto bado wanaugua?"

"Saa kumi," mkuu alisema, akaenda zake.

Kisa chenyewe kila mtu wa mtaa wa Shirere alikijua. Ijumaa ya tarehe tatu Mei, mtoto wa miaka minne aitwaye Ashley, binti wa Quinter, alifia hospitalini. Kesho yake umati ulikwenda kwenye kisima ambacho mtaa mzima unachota, ukavuta kamba iliyokuwa ikining'inia ndani, ukatoa chungu chenye mchanga na unga mweupe. Walikwenda moja kwa moja kwa Maximilla, mjane wa miaka hamsini na kitu, aliyeonekana nacho. Polisi walipofika, mlango wake ulikuwa umeshamwagiwa mafuta ya taa na watu walikuwa wanatafutana nani ana kiberiti. Sasa angeshtakiwa kwa mauaji, na dhamana ya mauaji haipatikani kirahisi. Angekaa rumande miaka miwili au mitatu akingoja kesi, na mwisho wa kesi hiyo ni kitanzi.

Maji yenyewe yalikuwa yamepelekwa Nairobi kwa Mkemia wa Serikali, katika chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi la mahindi. Majibu yalikuwa sentensi moja: chupa imefika tupu, gunzi likiwa limelowa. Jael aliirudisha barua hiyo ndani ya faili taratibu, maana angeirusha ingempata mtu.

Alikwenda seli kwanza. Maximilla alikuwa ameketi sakafuni, mgongo wima ukutani, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri kana kwamba anangoja ibada ianze.

"Mulembe, mama."

"Mulembe."

"Mimi ndiye nimepewa kesi yako. Nataka uniambie kuhusu hiyo dawa."

"Nirisema. Mukaandika."

"Nataka kusikia mwenyewe kwa mdomo wako."

"Nirisema mara tatu. Mara tatu ule kijana akaandika, akanisomea Kiswahili yake ya vitabu, akaniambia weka kidole. Sasa ya nne nikwambie nini ingine?" Akageuza uso ukutani.

Ule kijana alikuwa Konstebo Oliver, aliyeandika kauli zote za kesi hii. Alikuwa kijana nadhifu, viatu vinang'aa hata msimu wa matope, na hakupita wiki bila kuwakumbusha wenzake kwamba alipata alama ya juu kabisa ya Kiswahili katika shule yake. Jael alimwita, akamwambia afungue stoo ya vielelezo. Ufunguo ulitafutwa nusu saa nzima, ukapatikana mlangoni.

Chungu kilikuwa cha kadiri, cha kupikia maharage ya watu kumi. Karibu na kitako kilitobolewa matundu matatu.

"Uchawi, afande," Oliver alisema. "Tazama, kimetobolewa. Ni nani hutoboa chungu chake mwenyewe?"

Jael aliinama, akanusa mchanga uliokuwa ndani. Harufu ilikuwa imefifia, lakini ilimpanda puani hata akakohoa. Kando ya chungu palikuwa na mkebe usio na maandishi, umejaa nusu unga mweupe wenye harufu iyo hiyo, mara kumi zaidi.

"Hii ni harufu ya sakafu ya wodi," akasema. "Tangu lini uchawi ukanuka hospitali? Na mkebe umetoka wapi?"

"Chini ya kitanda chake, afande. Alikuwa ameuficha."

"Oliver, mtu wa chumba kimoja huweka wapi vitu? Kabatini?"

Jael alitazama saa yake. Ilikuwa inakaribia saa nne, naye alikuwa bado hajafanya lolote ila kuudhika.

Gari la kituo lilikuwapo, lakini lilitaka kusukumwa. Walisukuma, yeye na Oliver na mahabusu wawili waliokuwa wakifyeka nyasi, likawaka chini ya mteremko, na hivyo ndivyo afisa wa upelelezi alivyofika Mukumu akiwa na matope hadi magotini. Katika hospitali ya misheni, Sista Pascalia aliwapokea wodini bila kuacha kazi yake. Alikuwa mwembamba, ana miwani iliyofungwa kwa uzi, na alionekana hajalala vya kutosha.

"Ashley? Kadi yake hii hapa. Aliletwa Jumanne, tarehe thelathini. Mama yake alisema alianza Jumapili."

"Kuanza nini?"

"Kuhara damu. Kama hawa." Akaonyesha kwa kidevu safu ya vitanda. "Wawili wameingia jana. Wote ni wa Shirere, wote wa kisima kimoja. Hii ni maji ya choo yameingia katika maji ya kunywa, wala haina ubishi. Nilimweleza huyu kijana wenu tangu siku ile ya kwanza."

Jael aligeuka taratibu, akamtazama Oliver. "Kwenye faili umeandika marehemu alikuwa na maradhi ya tumbo."

"Ndiyo, afande."

"Sista alikwambia kuhara damu."

"Niliona si lugha ya heshima kwa marehemu."

Sista Pascalia alirudi kwa mgonjwa wake. Jael naye alitoka nje, akasimama barazani, akaanza kuhesabu hadi ishirini. Alipofika kumi na tisa alianza upya.

Walipokuwa njiani kurudi mjini, alimuuliza kwa sauti ya upole, upole ule ambao askari wote wa kituo walijifunza kuuogopa. "Mtoto alianza kuugua Jumapili. Dawa iliwekwa Alhamisi. Sumu gani inaua mtu kabla haijatiwa?"

"Labda aliweka na wiki iliyotangulia, afande."

"Wiki iliyotangulia alikuwa wapi?"

"Matangani, Bukura. Kaka yake alikufa. Alikaa huko wiki mbili, akarudi Jumatano."

Jael alipiga breki. Gari likazimika katikati ya barabara.

"Hilo liko ukurasa gani wa faili?"

"Sikuliandika, afande. Halikuhusu kosa."

Kwa hiyo mama alikuwa Bukura siku ambayo kuhara kulianza. Amerudi Jumatano, Alhamisi akatia dawa, Ijumaa mtoto aliyekwisha kuugua akafa, na Jumamosi yeye akakamatwa. Mambo yote yalikuwapo, kila mtu aliyajua, na hakuna aliyekuwa ameyapanga mstari. Jael alikuwa na hasira ya kuweza kulisukuma gari peke yake, lakini alimshusha Oliver, akamwambia asukume.

Kisima cha Shirere kilikuwa cha kuchimbwa, kina ukingo wa saruji na kifuniko cha bati. Wanawake wawili walikuwa wakichota, maana hapakuwa na pengine pa kuchota. Jirani yake kabisa aliishi Priscah, bibi kizee ambaye ndiye shahidi wa kwanza. Walimkuta ugani pake, akichambua mboga ya mrenda ndani ya ungo.

"Mulembe, Kukhu," Jael alimwamkia kama bibi yake.

"Mulembe muno, mwanangu. Karibu, kaa kwa kiti." Alimtazama Oliver. "Na huyu wa karamu pia amerudi?"

"Amerudi na kalamu yake," Jael alisema, akaketi. "Kukhu, nimekuja kwa habari ya Maximilla. Ulimwona Alhamisi ile kisimani?"

"Nirimwona. Mimi si namwonanga tu? Arhamisi anamwaganga dawa."

Jael alikuwa ameshaanza kuandika. Mkono ukasimama.

"Sema tena, Kukhu."

"Arhamisi anamwaganga dawa. Anatoanga hiyo chungu, anaosha mchanga, anatia dawa ingine, anarudisha. Ile siku maji inanukanga kidogo. Tumezoea."

Jael alifungua faili, akatafuta kauli ya Priscah, akampa Oliver. "Isome kwa sauti."

Oliver alisafisha koo. "'Siku ya Alhamisi nilimwona Maximilla. Alimwaga dawa kisimani.'"

"Kukhu amesema nini sasa hivi?"

"Amesema... anamwaganga, afande."

"Ile nga imekwenda wapi?"

"Si Kiswahili sanifu." Alilisema kwa kujiamini, kisha kujiamini kukaanza kumtoka. "Niliona ni kosa la lugha. Nikarekebisha."

"Kwenu wapi wewe?"

"Khayega, afande."

"Mama yako akikwambia, 'Mimi nachotanga maji mtoni,' amechota mara ngapi?"

Oliver alitazama viatu vyake. "Anachota kila siku."

"Kila siku! Wewe mtoto wa Khayega unalijua hilo tangu unanyonya. Na kama usanifu ulikuwa unakuwasha, sanifu yake ni humwaga. Humwaga, Oliver, si alimwaga! Shuleni walikupa alama za nini?" Aliteremsha sauti, maana wanawake kisimani walikuwa wameacha kuchota. "Sasa fikiri vizuri kabla hujanijibu. Maximilla mwenyewe alikwambiaje? Kwa maneno yake."

Oliver alipojibu alikuwa amefumba macho, na sauti yake ilikuwa ya nyumbani kwao, si ya kituoni.

"'Mimi ndiye nawekanga dawa. Nawekanga Arhamisi, kwa chungu. Hakuna mtu ananitumanga. Nawekanga na mkono yangu.'"

Hakuna mtu ananitumanga. Mama wa watu alikuwa akijisifu. Alikuwa akimweleza askari kwamba kazi ya kulinda maji ya mtaa aliifanya bila kusukumwa na mtu, na askari akaiandika ikawa kitanzi.

"Hiyo dawa ilitoka wapi, Kukhu?"

"Kijana wa afya, Phanueri. Aritega chungu mwezi wa pili, akafundisha Maximilla, akamwachia mkebe. Sasa wamemhamisha, sijui Rodwar."

"Kwa hiyo mlijua ni dawa ya kusafisha maji, si sumu."

"Sisi wa zamani hapa tulijua. Wale wa kupanga ni wageni, hawakujua."

"Mbona hamkusema siku ile walipomfuata?"

Priscah aliokota jani la mrenda, akalichunguza, akalitupa. "Watu walikuwa na mafuta ya taa mkononi, mwanangu. Wewe ungesema?" Kisha, kwa ukali kidogo: "Lakini huyu nirimwambia. Si uliona ameandika?"

Jael aliuliza nani aliweka dawa wakati Maximilla yuko Bukura, na Priscah akasema hakuna, nani angegusa kitu chenye mwenyewe. Aliuliza tena kwa nini maji yaliyonywewa miaka yote bila dawa yalianza kuhitaji dawa mwezi wa pili. Priscah alisukuma midomo mbele, akaelekeza upande wa juu wa kisima, palipokuwa na ua mpya wa mabati.

Nyuma ya mabati yale kulikuwa na vyumba kumi na viwili vya kupangisha wanafunzi, mali ya Mzee Andati. Mwenyewe walimkuta akihangaika na kitasa kilichokwama, kishada cha funguo kikimning'inia kiunoni. Alikuwa mnene, mcheshi, mtu wa kushika mkono wa mgeni asiuachie. Yeye ndiye aliyewaongoza watu kisimani siku ile ya Jumamosi, na katika kauli yake alisema hajapata kukiona chungu kile kabla ya hapo.

"Inspekta! Karibu. Kazi nzuri mnafanya. Huyo mama anyongwe tu, watoto wetu wapone."

"Tutaona. Nyumba hizi ni mpya?"

"Za juzi juzi. Wapangaji waliingia mwezi wa pili."

"Choo?"

"Kiko huko nyuma. Kizuri, cha saruji."

"Nionyeshe."

"Choo, Inspekta? Cha nini?"

"Nimebanwa," Jael alisema.

Kilikuwa kwenye kona ya ua, upande wa kisima. Jael alifungua mlango, akamulika shimo kwa tochi. Hakuhitaji kumulika sana. Mvua za masika zilikuwa zimefanya kazi yake, na maji machafu yalikuwa yamepanda karibu kufika juu. Alifunga mlango, akatoka nje ya ua, akatembea kwa hatua za kawaida akihesabu kwa sauti. Alipogusa ukingo wa kisima alikuwa amefika kumi na nane.

"Shimo ni la futi ngapi?" alimuuliza Andati aliyekuwa anamfuata akihema.

"Thelathini. Nilitaka kitu cha kudumu."

"Na kisima?"

"Thelathini na... sijui mimi. Kisima si changu."

"Watu wa afya walikiona hicho choo?"

"Aah, hao!" Andati alicheka, akapunga mkono. "Kuna kijana mmoja alinisumbua sana. Nifukie choo, nichimbe kule chini, kana kwamba kule chini ni kwangu. Nikamwambia wapangaji wameshalipa, wataenda wapi? Akaona sisikii, ndipo akaja na chungu chake..."

Alizishika funguo zake, akageuka kutazama mabati.

"Endelea," Jael alisema. "Akaja na chungu chake."

"Nilitaka kusema..."

"Ulitaka kusema ulikuwepo kikitegwa, ukijua ni cha kusafishia uchafu wa choo chako. Kisha mama akaenda matangani, watoto wakaanza kuhara damu, ukaogopa watu watakumbuka choo. Ukawapa chungu."

"Mimi sikusema ni yeye! Nilisema tu tuangalie kisimani."

"Na ulipoona mafuta ya taa?"

Jael hakumngoja. "Oliver, andika. Neno kwa neno, kama yalivyotoka mdomoni mwake, na ukirekebisha hata herufi moja nitakulisha hiyo kalamu."

Walifika kituoni saa kumi kasorobo, Andati akiwa kiti cha nyuma. Mkuu wa kituo alizisoma kauli mpya mara mbili.

"Unaniambia nimwachilie mtu wa mauaji kwa ajili ya herufi tatu?"

"Kwa ajili ya herufi tatu tulimfunga, afande."

"Na kesho nipeleke nani kortini?"

"Andati, kwa kuwapa polisi habari ya uongo. Mauaji hayapo. Kuna choo."

Mkuu alisukuma kiti nyuma, akatembea hadi dirishani, akarudi. Alisema neno moja ambalo Oliver asingeliandika katika Kiswahili cha aina yoyote. Kisha akatia sahihi. Kuhusu kufunga choo chenyewe, alisema, barua itakwenda ofisi ya afya, na ofisi ya afya itakuja ikipata mafuta ya pikipiki. Jael aliuliza lini. Mkuu akasema asimchekeshe.

Jael alimfungulia Maximilla mwenyewe. Alimweleza yote, pamoja na lile kosa, akamwomba radhi kwa niaba ya watu wengi kuliko idadi ya wale waliokuwa tayari kuomba. Maximilla alimsikiliza bila kusimama.

"Reo ni siku gani?"

"Alhamisi."

"Na Arhamisi ire ingine, nani aliweka?"

"Hakuna. Chungu tulikuwa nacho sisi."

Mama alishika kinywa. "Wagonjwa ni wangapi?"

"Saba. Wako Mukumu."

"Saba," Maximilla alirudia. Machozi yalimtoka kwa mara ya kwanza tangu akamatwe, na hayakuwa ya kujililia yeye.

"Vielelezo nimevitoa," Jael alisema. "Mkebe uko ndani ya gari. Twende ukaweke."

"Siweki."

"Mama, maji ni machafu kuliko wakati wowote."

"Najua. Lakini siweki." Alijifuta uso kwa pindo la nguo. "Kuna mtoto amekunywa hiyo maji jana. Kesho ataanza kuhara, labda atakufa. Nikiweka reo, wataniambia nini? Sasa hivi nyumba yangu iko na harufu ya mafuta ya taa. Wewe ukilala, nani atanichunga?"

Jael alilijua jibu, na hakulipenda: hakuna. Sheria ilikuwa imemsafisha huyu mama katika faili, na faili halikai kisimani Shirere.

"Basi nitaweka mimi," alisema. "Nifundishe kipimo."

Maximilla alimtazama kwa mara ya kwanza kama mtu, si kama polisi. "Nitasimama mbali. Nitakwambia kwa mdomo. Lakini mkono uwe wako, na watu waone ni wako."

Saa kumi na moja watu walikuwa wamejaa kuzunguka kisima. Jael aliwaeleza. Aliwaeleza habari ya choo, ya chungu, ya matanga ya Bukura, akarudia kwa wale waliochelewa, akarudia tena kwa wale waliosikia wakakataa. Priscah alisimama akasema ni kweli, safari hii akasema kwa sauti. Maximilla alikuwa ameketi kwenye ngazi ya nyumba ya jirani, na kutoka huko alitoa maagizo: mchanga viganja vinne, dawa viganja viwili, changanya, funika na kokoto. Jael alifanya kama alivyoambiwa. Unga ulimchoma vidole.

Alipoanza kuteremsha kamba, umati ulirudi nyuma hatua moja. Hawakuambiana, walirudi tu, na nafasi ile tupu iliyomzunguka ikamtia Jael hofu ambayo hakuitegemea. Alitamani kuiachia kamba. Hakuiachia.

Mwanamke mmoja hakurudi nyuma. Alikuwa kijana, ana mtungi mtupu mkononi, na kifuani leso iliyofungwa kwa pini. Alikuwa Quinter, mama wa marehemu Ashley.

"Niko na mwingine nyumbani," alisema. "Wa miezi minane. Jana nilimpa maji kidogo."

"Mchemshie kuanzia leo. Akihara, mpeleke Mukumu papo hapo, usingoje."

"Na akifa?"

"Atakuwa ameugua kwa maji ya jana, mama. Si kwa dawa hii."

Quinter alitazama kamba iliyoingia majini, kisha mikono ya Jael iliyojaa unga mweupe.

"Jina lako ni nani?"

"Jael."

"La pili."

Jael alimwambia, taratibu, ili alisikie vizuri. Quinter alitikisa kichwa kuonyesha amelishika, akainua mtungi wake mtupu, akaenda nyumbani bila kuchota.